Kanda ya Noti kwa Mwalimu Njue

Ukimuuliza mtu wa Nkubu wa miaka ile habari za Ednah Karambu, atakuambia kwanza kwamba alikuwa mwembamba, na pili kwamba hakujua kukaa bure. Alizaliwa kwenye mteremko wa kahawa juu ya soko, akawa taipisti wa chama cha ushirika kwa miaka tisa, na taipureta zilipoanza kufunikwa vitambaa na kusahauliwa pembeni, hakulia. Alinunua kitabu cha kompyuta kilichokwisha tumiwa na mtu mwingine, akakisoma kama anayesomea mtihani, halafu akaenda kuomba kazi kwenye chuo kidogo nyuma ya duka la mbolea. Chuo ni jina kubwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta nne, ukuta kwa ukuta na kinu cha posho cha Mzee Mbae.

Hapo ndipo alipokuwa mwaka wa tisini na nane, akifundisha vijana na mama za watu, wote pamoja.

“Hiki tunakiita ki...?”

“Kibodi!”

“Na kabla ya kuzima, kwanza tunahi...?”

“Tunahifadhi!”

“Vizuri sana.”

Mzee Mbae, akiwa upande wa pili wa ukuta, alipenda kusema kwamba watu wa kompyuta wana kelele kushinda watoto wa nasari. Lakini ndivyo Ednah mwenyewe alivyofundishwa tangu darasa la kwanza, na wanafunzi wake pia, na walimu wa walimu wao. Darasa likinyamaza, unajuaje kama liko macho?

Sasa, ile kompyuta ya nne haikuwa kama zile tatu. Ililetwa na wageni waliotembelea kanisa lao, na ndani yake kulikuwa na programu ya kuandika muziki. Ednah alikuwa mwimbaji wa alto tangu utotoni. Kama wanakwaya wengi wa huku kwetu, alijua do-re-mi ya ubaoni, si vile vichwa vyeusi vyenye mikia. Ilimchukua Jumamosi nyingi kuizoea. Unapanga noti kwenye mistari mitano, unabonyeza, kompyuta inapiga. Na jambo lililomfurahisha kuliko yote ni kwamba ungeweza kunyamazisha sauti tatu ukaacha moja tu. Alto peke yake. Besi peke yake. Kwa mtu aliyewahi kufundisha kwaya ambayo kila mmoja anavutwa na soprano kama ng’ombe wanaofuata chumvi, hilo si jambo dogo.

Siku moja ya Machi alifungua dirisha kwa sababu ya joto la mashine, na mwanamume mrefu mwenye koti, kitambaa kimezungushwa shingoni, akasimama nje akisikiliza. Hakusalimu. Wimbo ulipoisha aliingia, akatoa daftari la shule mfukoni, akaandika, akamgeuzia Ednah asome.

“Hiyo mashine inaweza kuimba alto peke yake?”

“Inaweza,” Ednah alisema. “Kwani wewe husemi, baba?”

Mgeni akaketi, akaandika ukurasa mzima. Jina lake lilikuwa Njue, mwalimu wa kwaya kutoka Kiambere, huko chini Mbeere, karibu na bwawa. Madaktari walikuwa wamemtoa uvimbe kooni, na sauti iliyobaki ilikuwa upepo tu. Alikuwa ameongoza kwaya ile miaka kumi na minane. Watu wake hawakujua kusoma muziki wa aina yoyote. Waliupata mdomoni mwake, sauti moja moja, akiwaimbia soprano, kisha alto, kisha teno, kisha besi. Na sasa mdomo huo ulikuwa umefungwa. Kamati ya kanisa ilimpa mpaka mwisho wa Agosti, na baada ya hapo ingeleta mwalimu mwingine kutoka Kiritiri. Chini ya hayo aliandika, “Wana haki.” Kisha akayakata maneno hayo kwa mstari mmoja.

Ednah alisoma mara mbili. Alimweka Njue mbele ya kompyuta ya nne mpaka jioni, lakini mchana mmoja ungemfaa nini? Mgonjwa huyu alikuja Nkubu mara moja kwa mwezi, siku ya kuonana na daktari, akarudi siku iyo hiyo. Huko kwao kulikuwa na kompyuta kwenye klabu ya wafanyakazi wa bwawa, na karani wa klabu alikuwa tayari kumruhusu aitumie. Ila hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Televisheni ya klabu, na mashine ya video, hizo zilikuwepo.

“Nitakutengenezea kanda,” Ednah akasema. “Utaiona skrini, utanisikia mimi. Ukisahau, unarudisha nyuma.”

Njue alifunga daftari lake, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

*

Mwenye kamera alikuwa Mugendi, mpiga video wa harusi. Alipoambiwa kazi yenyewe alicheka.

“Mwalimu, mimi napiga bibi harusi. Kompyuta haina hata meno ya kuchekea.”

“Usiiambie icheke. Ipige tu.”

Walipotazama jaribio la kwanza waliona kasoro. Kwa macho, skrini ilikuwa imetulia kabisa. Kwenye kanda palikuwa na ukanda mweusi uliopanda kutoka chini hadi juu, ukapotea, ukaanza tena, ukafuta noti zote ulizozipitia.

“Mashine yako inapepesa macho,” Mugendi alisema. “Sisi hatuoni. Kamera inaona.”

Walihangaika nayo mchana wa siku mbili. Ednah alitafuta ndani ya kompyuta mahali pa kubadilisha kasi ya ule mpepeso, naye Mugendi akawa anabadilisha kasi ya kamera, hatua moja, hatua nyingine. Ule ukanda haukuisha. Ulikonda, ukapunguza mwendo, ukawa kama kivuli cha mtu anayepita nje ya dirisha bila haraka. Wakakubaliana nao. Kisha ikaonekana kwamba kioo cha skrini kinaonyesha shati la Mugendi, vifungo na vyote, wakatundika blanketi jeusi mbele ya kamera na kulitoboa tundu la lenzi. Herufi nazo zilikuwa ndogo mno. Ednah akazikuza mpaka mstari mmoja tu wa wimbo ukajaza skrini yote.

Bado sauti. Maikrofoni ya kamera ilikuwa mbali naye, na kama mtoto mwenye njaa ilimeza kila kitu: feni ya kompyuta, kuku wa nyuma, honi za stendi. Ednah alichukua maikrofoni ya waya kutoka kanisani, akaivika soksi safi, akaining’iniza kwenye hanga ya nguo upana wa kiganja kutoka mdomoni mwake. Akaegemeza godoro ukutani. Akaisogeza kompyuta mbali kadiri nyaya zilivyoruhusu. Yote hayo yalisaidia. Lakini Mzee Mbae alipowasha kinu, taa zilififia, picha kwenye skrini ikajikunja pembeni, na sauti ya Ednah ikazama ndani ya mngurumo.

Akaenda kwake, akamsalimu kwa Kimeru.

“Muga, mzee. Naomba unizimie mashine nusu saa.”

“Nizime kinu? Na hawa mama wamesimama na madebe, niwaambie nini? Ati kompyuta imelala?”

“Waambie kuna mwalimu anarekodi somo. La mtu aliyepoteza sauti.”

Mbae akapangusa unga kwenye nyusi. “Kwa hivyo kuna mtu hana sauti, na mnataka hata mimi nisiwe na sauti.”

“Nusu saa tu.”

“Njoo Jumapili saa tisa. Jumapili hata mahindi yanapumzika.”

Jumapili saa tisa Ednah alivua viatu ili visisugue sakafu, akaketi, akafundisha. Alifundisha vizuri kuliko siku zote, polepole, kwa uchangamfu, kama aliyezungukwa na darasa zima. Walipoitazama, Mugendi aliinamisha kichwa kwenye spika.

“Sikia hiyo,” alisema. “Kati ya neno na neno hakuna kitu. Hii kimya ni ya hoteli kubwa, mwalimu.”

Ednah aliirudisha nyuma mara tatu, asikie tu jinsi ilivyo safi. Ninamwelewa. Mtu akipigania jambo kwa majuma manne, ana ruhusa ya kulifurahia.

*

Njue aliichukua kanda mwezi wa Aprili, pamoja na diski za programu. Mwezi wa Mei alipita chuoni akafungua daftari: “Picha safi. Sauti safi sana. Asante mwalimu.”

“Na wimbo unaendeleaje?”

“Naendelea,” aliandika, kisha akaondoka haraka kuliko kawaida yake.

Juni hakupita. Ednah alianza kuhesabu majuma yaliyobaki kabla ya mwisho wa Agosti, na hesabu hiyo haikumpa usingizi. Kwa hivyo Mugendi alipopata harusi ya kupiga karibu na bwawa, katikati ya Julai, Ednah alimwomba nafasi kwenye gari lililombeba.

Kutoka Nkubu mpaka Kiambere unavua sweta njiani. Migomba inaisha, ardhi inakuwa nyekundu na kavu, mbuzi wanasimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani. Mugendi alimshusha klabuni saa nne asubuhi, akaenda zake harusini. Kabla hajafika mlangoni, Ednah alisikia sauti yake mwenyewe.

“Tumeweka noti yetu. Tukitaka idumu mipigo miwili, tunachagua noti ya...?”

Kikafuata kile kimya safi.

“Ya mia!” mtu akapiga kelele ndani.

“Ya shule!”

“Ya shemeji!”

“Vizuri sana,” ilijibu sauti ya Ednah kwenye televisheni, na chumba kikalipuka kwa kicheko.

Alichungulia. Watu kama kumi na wawili, wafanyakazi wa bwawa na wanakwaya, walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kama wanaotazama mpira. Mbele kabisa alikuwa Njue, mgongo umeinama, mkono juu ya mausi ya kompyuta ya klabu, daftari wazi pajani. Yeye hakucheka.

“Na kabla ya kuzima,” iliendelea televisheni, “kwanza tunahi...?”

“Tunahitimu!”

“Tunahitaji chai!”

“Vizuri sana.”

Mwanamke mnene aliyekaa karibu na mlango akageuka akamwona mgeni. Alikuwa Veronicah, kiongozi wa alto.

“Karibu, mama. Unatafuta nani?”

“Mwalimu Njue. Mimi ni...” Ednah alionyesha televisheni kwa kidole.

“Wee! Ni wewe mwenye sauti?” Veronicah akasimama. “Basi tuambie leo hii. Tunahi nini? Maana huyu mzee amepoteza alto nzima mara tatu. Anaandika mpaka jioni, anazima, kesho anafungua hakuna hata noti moja. Sisi tulisema mashine inakula.”

Mtu akazima televisheni. Njue alisimama, akavua kofia kwa heshima, na Ednah akaona kwamba amekonda.

“Kwa nini hukuniambia, mwalimu?”

Njue akaandika akiwa amesimama. “Nilisikia unangoja wengine wajibu. Kisha unasema vizuri sana. Nikajua darasa linajua, ila mimi tu. Niliona aibu.”

Ednah aliketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Hakukuwa na darasa. Jumapili ile alikuwa yeye, godoro, na Mugendi nyuma ya blanketi. Alikuwa ameacha mapengo kwa mazoea, kama mtu anayeweka sahani mezani kwa ajili ya watoto waliokwisha hama nyumbani. Darasani Nkubu, pengo lile lilijazwa na watu ishirini kabla hajavuta pumzi, wala hakuwahi kujiuliza maneno hayo hukaa wapi wakati wao hawapo. Angalau kama kinu kingekuwa kinanguruma, Njue angedhani neno limemezwa na kelele. Sasa kanda ilikuwa imetakaswa kiasi kwamba ukimya ulisikika kama swali, na swali lenyewe limeulizwa mtu asiye na sauti ya kujibu. Na maneno yaliyokosekana, nusu na kuhifadhi, hayakuwa ya pembeni. Mwalimu wa huku haachi neno la kijinga lijazwe na wanafunzi. Anaacha lile wanalopaswa kulishika.

“Kosa ni langu,” alisema. Aliyasema hayo mbele ya wote, na kwa sauti.

“Si kosa, mama,” mfanyakazi mmoja alimtania. “Hii ndiyo sinema yetu ya Jumamosi.”

“Nyamaza wewe,” Veronicah akamwambia.

*

Mugendi alirudi kutoka harusini amechoka, kola imelowa jasho. Alipoambiwa kwamba kesho yake kuna kazi, alishika kiuno.

“Kesho narudi Nkubu, mwalimu.”

“Kesho unarudi jioni.”

Jumapili baada ya ibada walifunga madirisha ya klabu kwa mashuka ya jirani. Hapakuwa na godoro, ila blanketi jeusi Mugendi alikuwa nalo garini, na maikrofoni waliazima kanisani. Kamera iliona ule ukanda wake mweusi, mnene kuliko wa Nkubu, wakaupunguza kadiri walivyoweza. Mara hii Ednah hakukaa kwenye kompyuta. Alimketisha Njue, akamwekea mausi mkononi, yeye akavuta kiti kando yake na maikrofoni kwenye soksi.

“Nitasema tu kile ambacho mkono wako unahitaji,” alimwambia.

Akaanza. “Kwanza tunafungua fa...”

Mkono wa Njue ukasimama hewani. Alimtazama bila kulaumu, akingoja.

“Faili,” Ednah akasema. “Neno hilo liko juu, kushoto. Linaanza kwa F.”

Si rahisi kumaliza maneno ambayo umeyaacha nusu maisha yako yote. Kila alipoteleza, Mugendi alinyoosha mkono juu ya blanketi, na walipofika katikati mkono huo ulikuwa umepanda mara kumi na moja. Mwishowe Ednah aliacha kuangalia skrini kabisa. Aliangalia vidole vya Njue. Neno likikosekana, vidole vilisimama. Likifika lote, vilikwenda. Hakuwa amewahi kufundisha mtu asiyeweza kumwitikia, na aligundua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akisikiliza mwitikio, si kama mtu ameelewa.

“Kuku ameingia kwenye noti ya tatu,” Mugendi alisema kutoka nyuma ya blanketi. “Turudie?”

“Mwache. Neno limesikika?”

“Limesikika.”

“Basi mwache aimbe.”

Walipofika mwisho, alilisema lile neno lote, kuhifadhi, mara nne. Alisema liko wapi, linafanya nini, wimbo unapewa jina gani, na utajuaje kwamba kweli umebaki. Njue alihifadhi mstari wa kwanza wa alto. Akazima. Akawasha. Ulikuwepo. Akazima tena, akawasha tena, kama mtu anayekagua komeo la mlango, na mara ya tatu alicheka kicheko chake cha upepo, mabega yakatikisika.

*

Alhamisi ya tatu ya Agosti, Ednah alikwenda Kiambere peke yake. Kwaya ilikuwa imekusanyika klabuni, kwa kuwa kompyuta haikuweza kubebwa kwenda kanisani. Mwenyekiti wa kamati na katibu wake walikuwa wamekaa nyuma, mikono imekunjwa kifuani. Ednah akachukua kiti karibu nao.

Njue aliandika kwenye ubao mdogo: ALTO. Akabonyeza. Spika mbili ndogo zikatoa sauti nyembamba kama ya filimbi, noti kwa noti, na akina mama wa alto wakaifuata, kwanza wakinung’unika, kisha wakiimba. Walikwenda vizuri mistari miwili. Katikati ya mstari wa tatu wakaanguka mmoja mmoja.

“Mwalimu!” Veronicah alishika kifua. “Hii mashine haipumui! Inaenda tu, inaenda tu. Inataka kutuua!”

“Pumueni kwa masikio,” mtu wa besi alisema.

“Nyinyi besi hata mkipumua hamsikiki.”

Watu walicheka. Njue alinyoosha kidole kimoja, ngojeni, akageukia skrini. Ednah alijua la kufanya. Alilijua vizuri sana, na ulimi ulimwasha. Alikalia mikono yake. Njue alitafuta, akapotea, akarudi. Akaifupisha noti ndefu mwishoni mwa mstari wa pili, na mbele yake akaweka alama ya kunyamaza, mpigo mmoja. Akafanya hivyo tena katikati ya mstari wa tatu. Somo hilo halikuwamo kwenye kanda, ya kwanza wala ya pili. Kisha akahifadhi, akageuza kiti, akaonyesha Veronicah kwa mkono wazi mahali alipompa nafasi ya kuvuta hewa.

Waliimba mpaka mwisho. Baada ya alto akaleta teno, na baada ya teno, besi, huku akipiga mpigo kwa rula juu ya meza na kukunja uso kila mtu aliposhuka chini ya noti.

Mwenyekiti alimwegemea katibu wake. “Yule wa Kiritiri,” alisema polepole, “mwandikie barua. Mwambie asihangaike kuja.”

Mbele, Njue alikuwa amefungua sauti zote nne kwenye mashine, kisha, baada ya kufikiri kidogo, akaizima kabisa. Akasimama mbele ya watu wake, akainua mikono, nao wote wakavuta pumzi kwa pamoja.